Barua ya Bwana Shamba: Kitabu nacho kina hesabu yake

Ndugu msomaji,

Mwezi huu naweka kando habari za mbolea na viwavi. Nataka tuzungumze habari za kitabu. Sisemi kitabu cha kusoma tu. Nasema kitabu cha kuandika mwenyewe, na kukichapisha kwa fedha zako mwenyewe.

Usishangae kuona Bwana Shamba anaingilia jambo hili. Mtu akijua kusoma na kuandika, mkono wake hautulii. Wengine huandika mahesabu ya duka. Wengine hutunga tenzi. Na wapo wanaoandika mawazo yao juu ya maisha. Haki ni nini? Rafiki wa kweli ni yupi? Mtu aishi namna gani ili asije akajuta siku ya mwisho? Mawazo ya namna hii huitwa falsafa. Neno ni kubwa, lakini kazi yenyewe tunaijua. Mzee anayekaa chini ya mwembe na kujiuliza kwa nini mtu mwema huteseka, yumo katika kazi hiyo.

Lakini kitabu cha namna hii ni kigumu kuuza. Kitabu cha ufugaji wa kuku kina wanunuzi, kwa sababu mfugaji ataona faida yake katika mayai. Kitabu cha mawazo ya mtu asiyejulikana atakinunua nani? Kwa hiyo anayekiandika hukiandika kwa mapenzi. Na mara nyingi gharama ya kukichapa humwangukia yeye.

Je, ni vema kufanya hivyo? Nitakueleza habari za mtu mmoja aliyefanya. Alilima maharage pia, na hesabu zake zipo mpaka leo.

Ndugu wawili na mashua yao

Mtu huyo aliitwa Henry David Thoreau. Alizaliwa mwaka 1817 katika mji mdogo wa Concord, katika jimbo la Massachusetts, nchini Marekani. Baba yake alikuwa na kazi ya kutengeneza penseli. Henry alisoma chuo kikuu cha Harvard, akamaliza mwaka 1837, kisha akarudi nyumbani kwao.

Alikuwa na kaka yake, jina lake John. Walipendana sana. Waliendesha shule pamoja pale Concord. Mwaka 1839 waliunda mashua kwa mikono yao. Wakapakia viazi na matikiti waliyolima wenyewe, wakasafiri kwa mito miwili, Concord na Merrimack. Safari ilichukua kama majuma mawili.

Januari 1842 John alijikata kidogo kwa wembe. Kidonda kilikuwa kidogo tu, lakini aliingiwa na pepopunda. Siku zile haikuwapo chanjo ya ugonjwa huo. Baada ya siku chache John alifariki mikononi mwa ndugu yake. Henry alishikwa na huzuni hata mwili wake ukaonyesha dalili kama zile za John, ingawa hakuwa na kidonda.

Basi Henry akaazimia kuandika kitabu juu ya safari yao ya mashua. Kingekuwa ukumbusho wa John. Lakini hakuandika habari za mto peke yake. Alitia ndani yake mawazo yake juu ya urafiki, dini, vitabu, haki, na jinsi wakati unavyopita. Katika kitabu hicho hamtaji John kwa jina. Humwita ndugu yangu tu. Aliyesoma alijua.

Shamba la maharage

Ili apate nafasi ya kuandika, Henry alijenga nyumba ndogo kando ya ziwa dogo liitwalo Walden, karibu na Concord. Ardhi ilikuwa ya rafiki yake, Ralph Waldo Emerson, ambaye naye alikuwa mwandishi. Nyumba ilikuwa na upana wa futi 10 na urefu wa futi 15. Aliijenga mwenyewe, na vifaa vilimgharimu dola 28 na senti 12 na nusu. Alihamia humo tarehe 4 Julai 1845, akakaa miaka 2 na miezi 2.

Alilima pia kiasi cha ekari 2 na nusu, sehemu kubwa maharage. Alikodi wanyama na mtu wa kumsaidia kulima, ila plau aliishika mwenyewe. Alipanda kwa mistari, kwa nafasi ya futi 3 kwa inchi 18. Hakutia samadi. Wapita njia walimwona wakasema amechelewa kupanda. Wanyama wadogo wachimbao mashimo walimlia robo ekari nzima.

Mwisho wa msimu alivuna maharage ya kama kilo 325, yaani magunia 3 na kidogo, pamoja na viazi na vitu vingine kidogo. Kwa eneo lile, hayo ni mavuno haba. Ningekuwa bwana shamba wake ningemwambia habari ya samadi. Lakini kwa jambo moja ningempa mkono: aliandika kila senti. Gharama ilikuwa dola 14 na senti 72 na nusu. Mapato yalikuwa dola 23 na senti 44. Faida ilikuwa dola 8 na senti 71 na nusu. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Huyu alikuwa na daftari.

Kumbuka hiyo faida ya dola 8. Tutaihitaji.

Nakala 1,000

Kitabu kilipokuwa tayari, Henry alikipeleka kwa wachapaji. Hawakukitaka, labda agharimie yeye. Rafiki zake walimtia moyo aendelee. Mwishowe mchapaji mmoja wa Boston alikubali, kwa sharti kwamba vitabu visipouzika, mwandishi atalipa. Henry akakubali.

Kitabu kilitoka Mei 1849. Zilichapwa nakala 1,000. Jina lake kwa Kiswahili ni kama kusema, Juma Moja katika Mito ya Concord na Merrimack. Majuma mawili ya safari aliyafanya kuwa juma moja, na kila siku ikawa na sura yake.

Kitabu hakikuuzika. Mhakiki mmoja alilalamika kwamba safari ya mto ni nzuri, ila mahubiri yamezidi. Miaka ikapita. Deni likabaki. Henry akatengeneza penseli na kuziuza. Akafanya kazi ya kupima mashamba ya watu. Kidogo kidogo akalipa.

Oktoba 1853 mchapaji alimwambia kwamba hana nafasi tena ya kuvihifadhi vitabu. Akamrudishia nakala 706. Nyingine zilikuwa zimejalidiwa, na 450 zilikuwa karatasi zilizochapwa bila kujalidiwa. Henry akazibeba mgongoni, akapanda ngazi mbili, akazipanga darini. Katika zile 1,000, nakala 75 zilikuwa zimetolewa bure. Kwa hiyo katika miaka 4 ziliuzwa nakala 219 tu.

Mwezi uliofuata alimaliza deni. Aliandika katika daftari lake la kila siku kwamba amemlipa mchapaji dola 290 kutoka mfukoni mwake, bila kuhesabu stempu na mambo madogo. Mapato aliyopata kwingine yalikuwa kama dola 15.

Sasa chukua penseli, ndugu msomaji, tufanye hesabu pamoja. Dola 290 ni zaidi ya mara 10 ya gharama ya nyumba yake. Na kama angelilipa deni hilo kwa faida ya lile shamba la maharage, dola 8 na senti 71 na nusu kila msimu, angehitaji zaidi ya misimu 33. Mtoto aliyezaliwa siku kitabu kilipotoka angekuwa na watoto wake kabla deni halijaisha.

Hiyo ndiyo gharama ya kitabu cha mapenzi. Nimeieleza bila kupunguza, maana mtu anayetaka kuingia katika jambo hili ana haki ya kuijua.

Lakini sikiliza na hili. Henry hakulia mbele za watu. Aliandika kwa mzaha kwamba sasa ana maktaba ya vitabu karibu 900, na zaidi ya 700 ameviandika yeye. Kisha akaandika kwamba usiku uleule, akiwa amekaa kando ya lile rundo, alishika kalamu kwa furaha ileile ya siku zote.

Mambo mawili ya kujifunza

La kwanza. Mwaka uleule wa 1849, Henry alichapisha maandishi mengine mafupi. Yalieleza kwa nini alikataa kulipa kodi ya kichwa, akalala gerezani usiku mmoja mwaka 1846. Alikataa kwa sababu serikali iliruhusu utumwa na ilikuwa ikipigana vita na Mexico. Maandishi hayo hayakuwa kitabu kamili. Yalitoka ndani ya jarida, pamoja na maandishi ya watu wengine. Hayakumletea deni la nakala 1,000. Lakini yalisafiri mbali kuliko kitabu chake. Mwaka 1907 Gandhi, akiwa Afrika Kusini, aliyaandikia katika gazeti lake la Indian Opinion. Baadaye Martin Luther King aliyasoma alipokuwa mwanafunzi. Sauti fupi katika gazeti inaweza kufika mahali ambapo kitabu kinene hakifiki.

La pili. Henry alikuwa na kitabu kingine karibu tayari, juu ya maisha yake pale ziwani. Alikuwa amekwisha kukitangaza. Kitabu cha kwanza kiliposhindwa, cha pili hakikupata mchapaji upesi. Henry hakukitupa. Alikiandika upya, akakiandika tena. Waliochunguza karatasi zake wamehesabu rasimu 7. Kilitoka Agosti 1854 kwa jina la Walden. Safari hii gharama ilikuwa ya mchapaji. Kitabu hicho kinasomwa duniani mpaka leo, na ndani yake mna zile hesabu za maharage. Ile miaka 5 ya kungoja ilikiivisha.

Henry alifariki Mei 1862 kwa kifua kikuu, akiwa na umri wa miaka 44. Muda mfupi kabla ya kufa, wachapaji wa Walden walizinunua nakala zilizobaki za kile kitabu cha kwanza, wakazitoa tena zikiwa na ukurasa mpya wa mbele. Rundo likashuka kutoka darini.

Maksai wawili au madaftari matano

Turudi kwetu. Katika kata ninayohudumia yuko mzee mwenye madaftari 5. Ameandika mawazo yake kwa miaka mingi: juu ya kazi, ndoa, urithi, na kifo. Siku moja aliniambia, "Bwana Shamba, nimepata mtu mjini wa kunichapia. Nitauza maksai wangu wawili."

Nikamwuliza, "Mzee wangu, msimu ujao mtalima na nini?"

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Na nikifa na madaftari haya ndani ya sanduku, nani atajua kwamba nilifikiri?"

Ndugu msomaji, swali hilo ni zito. Mtu akikuuliza hivyo, usimjibu kwamba falsafa haileti ugali. Anajua. Hata mtu aliyelima maisha yake yote anataka kuacha kitu zaidi ya jembe. Kwa hiyo sikumwambia aache. Nilimwambia atenganishe mambo mawili: mapenzi na hesabu. Mapenzi yamwambie kwa nini aandike. Hesabu imwambie achape ngapi, na kwa fedha ipi.

Tena nilimwambia kwamba maksai si wake peke yake. Mama wa nyumba na watoto hula kutokana na plau ile. Henry alilipa deni lake kwa mikono yake mwenyewe, kwa penseli na kwa kupima mashamba. Tena hakuwa na mke wala watoto. Mwenye nyumba na watu ndani yake hana uhuru ule wa kujitia katika deni. Lazima wakae, waseme, wakubaliane.

Utaratibu wa kufuata

Nikupe utaratibu, kama tunavyofanya kwa shamba.

1. Jaribu mbegu kwanza. Soma maandishi yako mbele ya watu: katika darasa la kisomo, barazani, au nyumbani jioni. Pale wanapouliza maswali, pana uhai. Pale wanaposinzia, palilia. Yule mzee sasa huwasomea wenzake kurasa mbili kila Alhamisi. Amekwisha kufuta daftari moja zima, akaandika jingine.

2. Peleka kipande kifupi gazetini. Ukurasa mmoja wa wazo lililo wazi unatosha. Kama hakikuchapwa, umepoteza stempu tu.

3. Mpe mtu mwingine asahihishe. Mwalimu au kijana aliyesoma atafaa. Mwandishi haoni makosa yake, kama vile mwenye shamba anavyozoea magugu yake.

4. Uliza bei kwa wachapaji wawili au watatu, tena kwa maandishi. Uliza gharama ya kupiga maandishi, ya karatasi, ya jalada, ya kujalidi, na ya kusafirisha mpaka kijijini. Usitoe fedha bila stakabadhi. Jihadhari na mtu anayekuahidi kwamba kitabu chako kitauzika upesi. Hakijui kitabu chako. Anakijua kifuko chako.

5. Chapa nakala chache. Zamani za Henry kila herufi ilipangwa kwa mkono, na kupanga kwa ajili ya nakala chache kulikuwa hasara kubwa. Siku hizi kuna kompyuta, na katika miji mingi wapo wanaoweza kuchapa nakala 20 au 50. Kila nakala itakuwa ghali kidogo, lakini hutabeba 706 kupeleka darini. Zikiisha, chapa nyingine.

6. Usiuze kinachokulisha. Usiuze maksai, wala shamba, wala mbegu, wala usikope kwa dhamana ya nyumba. Tenga ekari robo ya alizeti au mbaazi, uiite shamba la kitabu. Mazao yake yakitosha, kitabu kitatoka. Yasipotosha mwaka huu, ngoja mwaka ujao, na huku ukisahihisha.

7. Hesabu nakala za bure tangu mwanzo. Ndugu, mwalimu na jirani watataka. Kitabu cha mapenzi hakiwezi kunyimwa watu. Lakini ziandike katika gharama.

8. Weka kumbukumbu rasmi. Kwa Tanzania, Bodi ya Huduma za Maktaba ndiyo hutoa namba ya kitabu, ile inayoonekana nyuma ya jalada. Nakala inayowekwa maktaba haina panya wala mchwa wa nyumbani kwako. Na nakala moja iache katika maktaba ya shule ya kijiji.

Na kama fedha haikupatikana kabisa? Basi nakili kwa mkono, safi, katika daftari lenye jalada gumu. Fanya nakala 3. Tenzi nyingi za pwani zimetufikia kwa sababu watu walizinakili kwa mkono kizazi hata kizazi, kabla mtambo wa kuchapa haujawafikia. Kitabu hakianzi kuwa kitabu siku kinapotoka kwa mchapaji.

Mkulima hupanda mwembe akijua kwamba huenda kivuli chake kitawafaa wajukuu. Hatumwiti mjinga. Ila tunamtazama vizuri kama, kwa ajili ya mwembe huo, hakung'oa mihogo ya chakula cha mwaka huu. Panda mwembe wako. Mihogo iache.

Maswali kwa kikundi cha kusoma

1. Henry alichapa nakala 1,000. Zilirudi 706, na 75 zilitolewa bure. Onyesheni jinsi ya kupata idadi ya zilizouzwa.

2. Mzee wetu aliuliza, nani atajua kwamba alifikiri? Ninyi mngemjibu nini?

3. Katika kijiji chenu, ni mawazo ya nani yanayofaa kuandikwa kabla hayajapotea? Nani ataanza kuyaandika, na lini?

Nakutakia palizi njema. Mwezi ujao tutarudi kwenye samadi, ile ambayo Henry hakuitumia.

Wako katika kazi,
Bwana Shamba